Kaseti ya Bi Orsola

Tangu Jumanne ile ujumbe ulipoingia kwenye simu yake, Seifu hakukaa. Alikuwa fundi wa pampu za dizeli, mtu wa miaka arobaini na minane, na kazi yake humtaka mtu atulie kama anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Lakini wiki ile alifungua pampu akaiacha wazi mezani, akaenda mlangoni kutazama barabara ya mtaa wao wa Buyenzi, Bujumbura, akarudi, akashika bisibisi, akasahau aliishikia nini. Chai aliinywa amesimama. Mkewe, Assia, alimvumilia siku mbili. Ya tatu akamuuliza kama viti vya nyumba ile vimepakwa pilipili.

"Apana," Seifu akasema. "Ni ile filme. Wanaitoa."

"Filme gani?"

"Ya Orsola."

Assia akaweka sufuria chini taratibu. Katika ndoa yao ya miaka ishirini na miwili alikuwa amelisikia jina la mwanamke huyo mara nyingi kuliko majina ya mawifi zake.

"Si ulisema haitatoka tena?"

"Nilisema hivyo mwaka jana."

"Na mwaka juzi ulisema itatoka."

"Njo vile. Sasa inatoka kweli."

Seifu alikuwa mkusanyaji. Juu ya karakana yake kulikuwa na chumba kimoja chenye rafu nne, na rafu zile zilijaa filamu za zamani za kutisha: kaseti za video zenye maganda meusi, na diski zilizokuja mojamoja mifukoni mwa wasafiri. Majumba yenye mashetani, maiti wanaofufuka, madaktari wendawazimu, wanawake wa ukungu. Wengine hukusanya stempu, wengine njiwa. Yeye alikusanya hofu za watu waliokufa zamani, na kama wakusanyaji wote duniani, alichokuwa nacho hakikumshughulisha sana. Kilichomnyima raha ni kile kimoja kilichokosekana.

*Kisima cha Bi Orsola* ni filamu ya Kitaliano, nyeusi na nyeupe, iliyotiwa sauti za Kifaransa ili ipate kuuzwa mbali. Orsola ni mjane. Shemeji yake anamsukuma kisimani ili apate shamba la mizabibu, na Orsola anaanza kupanda kutoka majini, akiwa amelowa, mara sita, na kila mara anaondoka na mtu. Nakala zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa na giza na mikwaruzo, sauti ikichemka kama mafuta kwenye karai. Warithi wa mtengenezaji walikuwa wakishtakiana mahakamani. Kwa miaka kumi na mitano wakusanyaji wa mabara yote walikuwa wakiambiana mtandaoni kwamba mwaka huu itasafishwa, mwaka huu itatoka, na mwaka ukaisha.

Seifu aliiona akiwa na miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya video nyuma ya msikiti, wiki tatu baada ya mama yake kuzikwa. Na alichokikumbuka kuliko vyote ni tukio moja la katikati. Orsola anapanda mara ya saba. Anaingia jikoni, maji yakimtiririka, na watoto wake wawili wamejikunyata chini ya meza. Kila mtu kwenye benchi anajua atawanyonga. Lakini Orsola anawasha moto. Anakaanga samaki wadogo, anasonga, anapakua, anakaa na watoto wale mpaka wa mwisho ameshiba. Kisha anarudi kisimani bila kumgusa mtu.

Tukio hilo halikuwamo katika nakala yoyote duniani.

Seifu aligundua hivyo mwaka 2010, alipopata diski ya kwanza kutoka Italia. Aliitazama mara nne. Akaandika kwenye jukwaa la wakusanyaji kwamba filamu imekatwa, na kwamba nakala kamili ilionyeshwa Bujumbura mwaka 1988. Wakamcheka. Mmoja akamwita mwotaji wa ziwa Tanganyika. Seifu hakurudi nyuma. Kila baada ya miezi michache aliliandika tena tukio lake, kwa Kifaransa kilichonyooka, na kila alipoliandika lilizidi kuwa wazi kwake: mikono ya Orsola, moshi, mtoto mdogo akilamba vidole.

Sasa kampuni ndogo ya mjini Liège, Ubelgiji, ilikuwa imepata ukanda wa asili. Mhariri wake, bwana mmoja aitwaye Gaël, ndiye aliyeandika Jumanne ile. "Wewe ndiye bwana wa tukio la jikoni? Ukanda wetu hauna tukio hilo, lakini unaonekana kuunganishwa upya sehemu mbili. Kama kuna kaseti, tuambie. Tuna wiki sita." Kesho yake, bila kungoja jibu, Gaël akatangaza kwenye ukurasa wa kampuni kwamba linatafutwa "tukio la Bujumbura." Kufika Ijumaa watu mia na arobaini, kutoka Lisbon mpaka Osaka, walikuwa wamemwandikia Seifu. Waliomcheka zamani sasa walimwita bwana.

"Mia na arobaini," alimwambia Ildephonse. "Wanangoja kwangu."

Ildephonse alikuwa mtumishi wa wizara moja kule Rohero, idara ya nyaraka, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na ndiye mkusanyaji mwingine pekee ambaye Seifu alimjua mjini. Walikutana kabla soko kuu halijaungua, kwenye kibanda cha vitu vya zamani, mikono yao miwili ikiwa juu ya kaseti moja. Hakuna aliyetaka kuiachia, basi wakaenda kuitazama pamoja, na tangu hapo kila Jumapili mchana, Ildephonse akitoka misa, walitazama filamu.

"Franchement, ndugu yangu," Ildephonse akasema, "mi nimekutetea miaka yote. Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Wale samaki. Umeandika ni wadogo, wakavu, wanakaangwa na mafuta mekundu. Hiyo ni ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtaliano wa milimani, ndagala amezitoa wapi?"

"Sijui. Mi nasema nilichokiona."

"Basi tafuta kaseti."

Alikuwa ameshaanza. Nyumba ya video ya zamani ilikuwa gereji sasa, na mwenyewe alikuwa amefariki. Lakini mjane wake, Sikuzani, alikuwa hai. Watu wazima wa Buyenzi walimkumbuka vizuri, kwa maana ndiye aliyekuwa akisimama kando ya televisheni na fimbo ndefu, akigeuza Kifaransa cha filamu kuwa Kiswahili, sauti ya mwanaume, sauti ya mtoto, sauti ya mbwa. Fundi cherehani mmoja, Tajudini, alisema mama huyo alikuwa amehamia Ruziba kwa binti yake.

Siku zile mafuta ya gari hayakupatikana. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, na fundi wa dizeli hana kazi dizeli isipokuwapo. Seifu akaenda kwa miguu. Alitoka baada ya alfajiri, akashika njia ya kusini, ziwa likiwa kuliani, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekimbizwa. Wenye baiskeli walimwita apande, akawapungia mkono. Kupanda kungemtaka akae.

Alimkuta Sikuzani akichambua maharagwe uani. Mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mtandio wa bluu, macho makali. Nyumba ilikuwa ya matofali mapya. Ile ya kwanza ilikuwa chini zaidi, ziwa lilipopanda likaingia mlangoni, wakabeba walichoweza.

"We mutoto wa nani?" akauliza.

"Wa marehemu Bi Zubeda, Mama. Nyumba ya pili kutoka kwenye kisima cha msikiti. Nilikuwa nakuja video yenu."

"Kila mutoto alikuwa anakuja. Unataka nini?"

Hapo Seifu angeweza kumwuliza juu ya jikoni, juu ya watoto chini ya meza. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Akaogopa. Miaka kumi na mitano ameambiwa apana na watu asiowajua, na alihisi kwamba apana ya mwanamke huyu itakuwa ya mwisho. Akasema tu, "Natafuta kaseti moja. Ya Orsola."

Sikuzani akacheka. "Ile ya kisima? Mume wangu alinunua kwa Mugiriki mumoja. Iko mu sanduku, kama maji hayajaila."

Sanduku la bati lilifunguliwa. Chini ya mapazia na picha za harusi kulikuwa na kaseti tisa, na ya saba, yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono *Orsola*, ilikuwa imeota ukungu mweupe kama unga. Seifu aliichukua kwa mikono miwili.

"Nitakurudishia, Mama."

"Ya nini? Sina hata deki. Chukua."

Alirudi Buyenzi kabla ya adhuhuri, na hakukumbuka njia.

Kuisafisha kulichukua siku nne. Alifunga karakana, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akafungua ganda skrubu kwa skrubu. Utepe wa ndani ulikuwa umeshikana pembezoni. Hapo kazi yake ilimfaa: mtu aliyezoea nozeli, ambako chembe moja ya vumbi huua injini, anajua kupangusa. Kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi alipitia utepe ule kidogo kidogo, mita kwa mita, akiuzungusha kwa kidole. Kazi ilimtuliza mikono lakini si moyo. Kila saa aliacha kazi kusoma ujumbe mpya. Mwanamke wa Montevideo alitaka kujua mtoto mdogo alivaa nini. Mwanaume wa Osaka alisema ni mgonjwa, na kwamba anaomba kuishi mpaka diski itoke. Gaël aliuliza mara tatu. Ya tatu Seifu akamjibu: "Ninayo."

Hakuwa ameitazama bado. Lakini aliandika, *ninayo.*

Jumapili mchana Ildephonse alikuja na tai yake ya misa. Utepe ulikuwa umehamishiwa kwenye ganda jipya. Seifu alibonyeza kitufe, akabaki amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti.

Picha ilikuwa nzuri ajabu. Ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Sauti za Kifaransa zilikuwa safi kuliko walivyowahi kuzisikia. Orsola alisukumwa, Orsola akapanda: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ildephonse akaacha kula karanga. Mara ya tano. Ya sita. Shemeji akafunga kisima kwa ubao na minyororo. Upepo. Ubao ukatikisika.

"Sasa," Seifu akasema.

Ubao ukatulia. Jogoo akawika. Kukapambazuka, na kasisi akapita na mwavuli.

Seifu akarudisha nyuma. Ubao, upepo, jogoo, kasisi. Akarudisha tena. Hapakuwa na mruko wala chembe iliyokatwa. Picha ilipita kutoka usiku kwenda asubuhi kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Mara ya nne Ildephonse akamshika mkono.

"Acha. Utaukata utepe."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu Seifu alikuwa ameketi. Alikaa sakafuni.

"Nimewaambia ninayo," akasema.

Ildephonse alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alifikiri kama mtu wa ofisini anavyofikiri, akitafuta njia isiyomwumiza mtu. "Sikiliza. Ukungu ulikuwapo, hata mi nimeuona. Andika kwamba sehemu ile ya utepe imeoza. Imeliwa. Haikuokoka. Nani atabisha? Tukio litabaki. Watu wataendelea kulitumaini. Ukisema halipo, umewaua wote siku moja. Na we utakuwa kichekesho mpaka kufa."

Seifu aliitoa kaseti kwenye deki. Maneno yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Usiku huo hakuandika kitu. Asubuhi akashika tena njia ya Ruziba.

Safari hii hakuzunguka. Sikuzani alikuwa anaanika nguo, naye akamwuliza hapo hapo, kati ya mashuka: "Mama, Orsola anaingia jikoni, anapika, watoto wanakula. Iko wapi?"

Sikuzani akamgeukia. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Yoo! We unakumbuka ile?"

"Nimeikumbuka maisha yangu yote."

"Baba, ile si ya filme. Ni ya kwangu." Akaweka beseni chini. "Siku ile umeme ulikatika. Ilikuwa saa kumi na moja, watu wamejaa mpaka mulangoni, na madirisha tulikuwa tumeyapigilia mabati ili mwangaza usiingie. Giza la kaburi. Mume wangu akatoka kutafuta jenereta. Watu wakaanza kupiga mabenchi. Mi niko peke yangu na ile télé, nikaona wataivunja. Nikapiga fimbo chini, nikasema: nyamazeni! Filme inaendelea, mi naiona. Anapanda mara ya saba. Wakanyamaza. Sasa nifanye nini? Nikaendelea."

"Gizani."

"Nusu saa nzima. Umeme uliporudi, tukaendelea na kaseti, hakuna mutu aliyeuliza."

"Lakini mi niliona. Niliona mikono yake. Moshi."

"Uliona. Wote waliona. Kazi yangu ilikuwa njo hiyo."

"Na ndagala?"

Hapo Sikuzani akacheka kwa sauti. "Nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Tumbo lilikuwa linanguruma. Nilitaka amunyonge mutoto, kweli, lakini nilikuwa nawaza ndagala na mawese, na mkono wa Orsola ukaenda kwenye sufuria."

Seifu alisimama kati ya mashuka yaliyokuwa yakipigwa na upepo wa ziwa. Alikuwa na swali lingine, na alipolisikia likitoka mdomoni mwake aliona aibu, kwa maana lilikuwa swali la mtoto.

"Ulijua kwamba mi niko pale? Mama yangu alikuwa amezikwa wiki tatu tu. Nilikuwa benchi la mbele. Nilidhani... labda uliniona."

Sikuzani aliacha kucheka. Alikuja karibu, akamtazama usoni kama anayetafuta mtoto ndani ya mtu mzima, na hakumpata.

"Apana, baba. Sikukujua. Watoto walikuwa wengi, na giza lilikuwa moja. Nikikuambia nilikujua, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili."

Kisha akaongeza, akiinama kuchukua beseni, "Chakula kile nilikipika kwa njaa yangu mwenyewe. Kama kilikushibisha we, Alhamdulillah. Mi nilifuturu na maji."

Kurudi mjini Seifu alitembea taratibu. Alijaribu kukasirika, lakini hakumpata wa kumkasirikia. Alijaribu kulifuta tukio kichwani, lakini Orsola aliendelea kupakua. Alipofika nyumbani aliketi kwenye hatua za karakana na simu mkononi, akaandika kila kitu: umeme, mabati ya madirishani, fimbo, ndagala. Aliandika kwamba tukio halikuwahi kuwamo katika filamu, na kwamba yeye hakusema uongo bali alikosea miaka thelathini na saba. Akamwandikia Gaël, na maneno hayo hayo akayaweka kwenye jukwaa, mbele ya watu mia na arobaini. Akabonyeza kabla hajapata muda wa kumsikiliza Ildephonse tena.

Wakamrukia. Wengine walimtukana, wengine wakaweka vichekesho vya samaki. Mwanamke wa Montevideo aliandika sentensi moja tu, kwamba afadhali asingejua. Mwanaume wa Osaka hakuandika kitu. Gaël alikaa kimya siku tisa. Lililomwuma zaidi ni kwamba Ildephonse hakuja Jumapili ile, wala iliyofuata. Alituma ujumbe mfupi: miaka yote alikuwa ameweka jina lake chini ya jina la Seifu kwenye jukwaa lile, akimshuhudia, na hakuulizwa hata mara moja kabla ya kuvuliwa nguo mbele za watu.

Ilikuwa kweli. Seifu alijua ilikuwa kweli. Alizunguka karakana siku mbili, kisha akavaa shati safi, akaenda kwa miguu mpaka Rohero, akamngoja langoni mwa wizara wakati wa kutoka kazini.

"Nilipaswa kukuuliza," akamwambia.

"Ulipaswa."

"Ungesema nidanganye."

"Ningesema tena," Ildephonse akajibu. "Na ungekataa. Lakini ungekuwa umeniuliza." Wakatembea pamoja mpaka kwenye makutano, wakapeana mikono.

Siku ya kumi Gaël aliandika. Alisema hakufurahi, na kwamba amelazimika kuliondoa tangazo lake kwa aibu. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, sauti za Kifaransa: ukanda wake ulikuwa na Kitaliano pekee, na kila mtu aliamini kwamba Kifaransa kilichokamilika kimepotea. Kama kaseti ya Ruziba inacho, wanakihitaji upesi. La pili aliliuliza kwa wasiwasi, kama anayegonga mlango wa watu wakati wa chakula: yule mama, je, angekubali kusimulia tena tukio lake, linaswe, litiwe kwenye diski kama nyongeza?

Sikuzani alikataa mara ya kwanza. Alisema wazungu wanataka kumcheka mwongo. Mara ya pili akauliza watakuwapo watu wangapi.

"Mi na wewe, Mama. Na kinasa sauti."

"Basi apana. Mi siongei na chuma. Lete watu. Na funga madirisha."

Kwa hiyo Jumamosi moja, saa kumi, chumba cha juu ya karakana kilijaa. Walikuja watu wazima wa Buyenzi waliokaa kwenye mabenchi yale wakiwa watoto, wakaja na wake zao na wajukuu. Tajudini fundi cherehani alileta mapazia meusi. Ildephonse alikuja na kinasa sauti alichoazima ofisini, akakiweka mezani na kukirekebisha mara sita. Assia alikaa mlangoni. Mapazia yalipofungwa likawa giza, na Sikuzani akapiga fimbo sakafuni.

"Nyamazeni! Anapanda mara ya saba."

Sauti ilikuwa ile ile. Orsola akapanda, kucha zikikwaruza mawe. Akaingia ndani, maji yakimtiririka. Watoto chini ya meza. Seifu alisogea mbele, midomo yake ikitangulia maneno: sasa moto, sasa sufuria.

Lakini Orsola hakuwasha moto. Alisimama katikati ya jiko, akatazama sakafu, na sakafu ilikuwa inalowa. Maji yalikuwa yamemfuata. Yalipanda kisimani nyuma yake, yakavuka kizingiti, yakafika kwenye miguu ya meza. "Amkeni," Orsola akawaambia watoto wake kwa sauti ya Sikuzani. "Sikuja kula. Maji yanakuja. Chukueni godoro. Chukueni picha ya baba yenu. Acheni kabati."

*Si hiyo*, Seifu aliwaza, na akasimama. *Si hiyo!* Alitaka kusema simama, Mama, umekosea, turudie. Mkono wake ulikwenda mezani, ukapapasa gizani, ukakigusa kinasa sauti. Aliyaona yote kwa wakati mmoja: ile ya zamani haikunaswa popote, na waliokuwamo chumbani wasingeweza kuisimulia. Watu wazima wale alipowauliza kabla, mmoja alikumbuka mbwa, mwingine hakukumbuka kitu. Ilikuwa imebaki kwake peke yake, na hata yeye hakuwa na hakika tena.

Mtu mmoja gizani alianza kulia, mwanamke. Huenda naye nyumba yake ilikuwa imeingiliwa na ziwa. Sikuzani hakupunguza mwendo. Seifu akauondoa mkono wake mezani, akabaki amesimama, akasikiliza mpaka mwisho.

Diski ilitoka mwezi wa tatu. Ilifika Bujumbura mkobani mwa mtawa mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Brussels, binamu wa Ildephonse. Kwenye kijitabu chake jina la Seifu lilikosewa herufi moja, la Sikuzani liliandikwa sawasawa. Mtu wa Osaka, kumbe alikuwa hai, aliandika kwamba amesikiliza nyongeza ile mara tatu bila kujua Kiswahili, akisoma tafsiri chini, na kwamba angependa kujua kama kuna nyingine.

Ildephonse alitaka waitazame filamu nzima kwa mpangilio, kwa heshima. Waliitazama. Picha ilikuwa safi mpaka ungeweza kuhesabu nyuzi za shali ya Orsola. Lakini Seifu aliinuka mara nne, akaenda dirishani, akarudi, na nyongeza ilipoanza aliteremka chini kabisa, akasimama mtaani kati ya magari yasiyo na mafuta, mpaka alipodhani imekwisha.

Alipopanda, Ildephonse alikuwa anafunga viatu. Assia alikuwa kwenye kiti cha Seifu, mikono mapajani, akitazama kioo cheusi.

"Wale watoto," akasema bila kugeuka. "Waliwahi kutoka?"

"Hakusema?"

"Alisema waliinua godoro. Halafu akanyamaza, watu wakapiga makofi. Mi nataka kujua walitoka au walikufa."

Seifu alikuna kidevu. Hakuwa amewahi kujiuliza.

"Sijui," akasema. "Kesho naenda Ruziba kumupelekea diski yake."

"Mi nakuja," Assia akasema, akainuka kutafuta viatu vya kutembelea.